Bwana Harusi Kutoka Porini

Tulimwacha Vaileth amesimama katikati ya ukumbi pale Usa River, kipaza sauti mkononi, mdomo wazi, na neno limegoma kutoka. Wiki nzima mmemwonea huruma. Haya, tumtoe hapo.

Alikuwa amemwambia bibi harusi, Aikande, azunguke meza zote amtafute mchumba wake, kama ilivyo desturi ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti; ratiba yake ya MC ilimwandika mchumba huyo "bwana harusi" tu, bila jina. Aikande akazunguka, akacheka, akamshika mkono mwanamume mmoja mrefu mwenye suti ya rangi ya ugoro, akamvuta mpaka mbele. Mwanamume akavua miwani ya jua.

Alikuwa Derick.

Derick yule yule ambaye picha yake inaning'inia sebuleni kwa Hanna, mtaa wa Kwa Mrombo, juu ya televisheni. Derick ambaye leo asubuhi, wakati wanakunywa chai, Hanna alisema yuko Serengeti na watalii wake, hapatikani, porini hakuna mtandao. Mchumba wa Hanna! Na Hanna ni rafiki wa Vaileth tangu walipokuwa chuo Mwanza. Kitanda alicholalia Vaileth jana ni cha Hanna.

"MC!" mtu alipaza sauti kutoka meza ya kamati. "Vipi, umempenda na wewe?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

Kicheko kile ndicho kilichomzindua. Mwanza nzima inamjua Vaileth kwa ulimi usiokauka. Hakupanda basi kutwa nzima ili aje akaukiwe Arusha.

"Kaka," alisema, "waambie wakwe zako unaitwa nani."

"Derick Laizer."

"Na leo umetokea wapi, Derick Laizer?"

"Nyumbani. Njiro."

"Sio porini?"

Derick akameza mate. Alikuwa amemtambua. Mara ngapi Hanna alimgeuzia simu amsalimie shemeji yake wa Mwanza! Lakini wageni hawakujua hayo. Walichojua ni kwamba kijana anaendesha magari ya watalii, basi wakashangilia: "Huyo ni wa porini huyo!"

"Na huko porini," Vaileth aliendelea, "siku hizi mtandao upo?"

"Upo... sehemu sehemu."

"Ahaa!" Vaileth akawageukia watu. "Wakwe, mmesikia wenyewe. Kijana wenu anapatikana sehemu sehemu!"

Watu wakagonga meza kwa kucheka. Aikande naye alicheka, tena kicheko cha mtu asiyejua lolote, kichwa amekilaza kwenye bega la Derick. Kicheko hicho kilimchoma Vaileth kuliko kitu kingine chochote.

Asiyecheka alikuwa mmoja tu. Mzee Emmanuel Nnko, baba wa bibi harusi, mkulima wa kahawa na migomba kutoka kule juu mlimani, mzee wa kanisa. Alikuwa akimtazama MC kama anayetazama ndizi iliyoanza kuoza upande mmoja.

"DJ, tupe muziki!" Vaileth alisema, na kabla wimbo haujashika, alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma.

* * *

Nyuma ya ukumbi mbuzi wa ndafu alikuwa akimaliziwa juu ya makaa. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Vaileth hakuona moshi wala mlima. Alikuwa akiperuzi majina kwenye simu. Hanna. Hanna. Hanna yuko wapi humu?

Mkono ukaja ukaifunika simu.

"Usimpigie."

Alikuwa Nalepo. Hawa walikuwa watatu chuoni, Vaileth, Hanna na Nalepo, sahani moja, ndoo moja. Sasa Nalepo anafanya kazi kwenye shamba la maua hapa hapa Usa River, ofisi moja na Aikande. Yeye ndiye aliyependekeza kwa kamati kwamba MC atoke Mwanza.

"Nalepo, umemwona? Yule ni Derick!"

"Najua."

"Derick wa Hanna!"

"Najua, Vai."

Vaileth akarudi nyuma hatua moja. "Unajua tangu lini?"

"Tangu alipoleta washenga kwa Mzee Nnko. Nilikuwepo. Nilitaka kuanguka."

"Na hukumwambia Hanna?"

Nalepo akatazama makaa. "Unakumbuka yule wa chuoni, yule wa duka la vipuri? Nilimwambia Hanna nimemwona na mwanamke mwingine. Alinijibu nini? Kwamba nina wivu. Tulimaliza chuo hanipi hata salamu, asee. Mpaka msiba wa mama yangu ndio tukarudiana. Safari hii nikasema hapana, mdomo wangu siufungui tena. Lakini wewe anakuamini. Ukisema wewe umeona, umeona."

Taratibu lile jambo likaanza kumwingia Vaileth, kama maji yanavyopenya kwenye kiatu.

"Arusha hii imejaa ma-MC," alisema.

"Imejaa."

"Nawe ukaniita mimi."

"Nilikupigania sana kwa wale wazee wa kamati."

"Kumbe hukuniita nije kufanya kazi. Wala hukuniita tuje tuonane, tule nyama, tucheke kama ulivyosema. Umeniita nije niwe shahidi wako!"

"Shahidi wa Hanna."

"Ungenipigia simu, Nalepo!"

"Ungeamini?"

Vaileth alijua jibu. Asingeamini. Angesema yale yale aliyosema Hanna chuoni.

"MC!" Bwana Philemoni, mwenyekiti wa kamati, alitokea pembeni ya ukuta akiwa ameishika tai yake isipeperuke. "Ndafu tayari, mchungaji anataka kuondoka, na wewe unapiga soga na moshi?"

"Nakuja, mwenyekiti."

Akasubiri ageuke. Kisha akamnong'oneza Nalepo: "Nitamuuliza mbele ya watu."

"Vai, usithubutu. Aikande hana kosa."

"Na Hanna ana kosa gani?"

* * *

Ndafu akaingizwa kwa vigelegele, majani mabichi mdomoni. Vaileth alisherehesha kama kawaida yake, watu wakacheka, akina mama wakainuka kucheza. Lakini miguu yake haikutulia. Mara yuko kwa DJ, mara kwa wapishi, mara dirishani. Swali lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wake kama pilipili.

Aikande akakata kipande cha nyama, akamlisha Derick. Derick akamlisha Aikande. Simu zikainuliwa juu kupiga picha.

Vaileth akavuta pumzi.

"Mabibi na mabwana, kabla hatujasogea mbele, mimi kama MC nina swali moja kwa bwana harusi."

Ukumbi ukatulia. Nalepo, aliyekaa karibu na mlango, akafumba macho.

Derick hakungoja. Aliinuka akaja akicheza, mikono hewani, watu wakampigia makofi, akamkumbatia Vaileth kama anayemtuza. Mdomo wake ukawa sikioni kwake.

"Dakika moja nje. Nakusihi, dada yangu. Ukishanisikiliza, rudi uniulize lolote mbele ya yeyote."

Jasho lake lilikuwa la baridi. Vaileth akasita. Watu wote wanangoja. Mchungaji anangoja. Mzee Nnko ameweka uma chini.

"Swali lenyewe," Vaileth alisema kwenye kipaza sauti, "ni hili: nyama imekolea chumvi?"

"Imekoleaaa!"

* * *

Walikutana kwenye maegesho, katikati ya magari.

"Najua unanifikiriaje," Derick alianza.

"Hujui. Ungejua usingenisogelea hivyo."

"Hanna aliniacha."

Vaileth akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Endelea."

"Nakuapia. Ilikuwa kabla ya masika. Nilikuwa na wageni waliotaka kuona mashamba ya kahawa huku mlimani, nikamchukua Hanna atembee nasi. Tulikuwa vizuri tu. Anacheka, anawafundisha wageni Kiswahili. Njiani kurudi, tumekwama foleni Tengeru, akavua pete akaiweka juu ya dashibodi. Nikamuuliza, nimekukosea nini? Kimya. Nilikwenda kwake, hafungui. Nikamtuma mama yangu mzazi, hafungui. Dada, mimi nililia mpaka nikaona aibu. Aikande nilikuja kumjua baadaye, nilipoleta wageni wengine shambani kwa baba yake. Sijachanganya wanawake wawili mimi."

"Mwongo mkubwa. Picha yako iko ukutani kwake mpaka leo. Nimeiona kwa macho haya."

Hapo sura ya Derick ilibadilika.

"Bado ipo?" aliuliza.

Aliuliza polepole sana, na Vaileth akajikuta amepoteza ile hasira aliyokuwa ameishikilia tangu mchana. Amewahi kuwaona waongo wengi kwenye harusi. Mwongo angejitetea. Huyu alionekana kama mtu aliyekanyagwa kwenye kidonda.

"Mpigie," Derick alisema. "Weka spika. Akisema mimi ni mwongo, mimi mwenyewe nitaingia humo ndani na kumwambia Mzee Nnko."

Vaileth akapiga. Simu ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Vai." Sauti ya Hanna ilikuwa ya chini.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Mbona?"

Vaileth akafungua mdomo amuulize, kisha akaufunga. Ndani ya simu, nyuma ya sauti ya Hanna, kulikuwa na muziki. Kwaya, na ngoma kwa mbali. Ukumbini nako DJ alikuwa anapiga kwaya. Ukumbini DJ akakata wimbo ghafla akaweka wa taarabu.

Ndani ya simu nako, kwaya ikakatika. Taarabu ikaanza.

Derick aliisikia. Macho yakamtoka, akageuka huku na huku katikati ya magari kama anayetafutwa na risasi.

"Rudi ndani," Vaileth alimwambia. "Rudi ukakae karibu na mchumba wako. Sasa hivi!"

* * *

Hanna alikuwa amesimama upande wa pili wa geti, chini ya ukuta, amevaa gauni la kitenge chekundu ambalo Vaileth hakuwahi kuliona. Kifuani alikumbatia kitu kikubwa kilichofungwa kwa kanga.

"Ulikuwa nyumbani, eh?" Vaileth alisema.

"Nisamehe."

"Derick anasema ulimrudishia pete."

"Ni kweli."

"Ni kweli!" Vaileth alishika kichwa. "Na habari za Serengeti? Na mtandao? Hanna, nimekaribia kumwaibisha mtu wa watu mbele ya ukoo mzima! Kwa nini ulinidanganya?"

"Uliingia ukaiona picha, ukasema shemeji yuko wapi. Sikuwa na nguvu ya kuanza kueleza. Nikasema yuko porini. Ndivyo ninavyowaambia wote." Akafuta jicho kwa kiganja. "Kuishusha kwenyewe nimeshindwa."

"Bado unampenda."

"Sikuja kwa ajili ya Derick; jina lake nimelisikia hapa hapa, kwenye spika."

"Basi umefuata nini hapa? Na umejuaje kuwa sendofu ni leo?"

"Kadi yako ya ratiba uliiacha mezani, Vai. Jina la baba wa bibi harusi liko juu kabisa." Akaupandisha ule mzigo kifuani. "Zawadi zimeanza?"

"Zinaanza sasa hivi."

"Niite. Niite mwisho. Usitaje jina, sema mgeni kutoka Kwa Mrombo."

Vaileth akavuta pembe ya kanga. Ndani alikuta blanketi, zito, la kijivu, jipya, aina ile wanayopewa wazee siku ya mahari.

"Bibi harusi unampa blanketi?"

"Sio la bibi harusi."

"Hanna, unanitisha. Yule binti ni mtoto wa watu. Hakukunyang'anya kitu. Ukienda kumharibia siku yake, mimi na wewe ndio basi."

"Sitamgusa hata kwa neno. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu."

Kaburi la mama! Vaileth akamkazia macho. Mama yake Hanna alizikwa Mwanza mwaka juzi, na Vaileth alikuwepo. Hanna hakuwahi kuapa kwa kaburi lile.

"MC! MC jamani!" Bwana Philemoni alikuwa anaita tena, sauti imeanza kukauka.

Huku kazi yake, na jina alilolijenga kwa jasho. Kule binti asiye na hatia kwenye gauni la rangi ya dhahabu. Na hapa mbele yake rafiki ambaye jana walilala wakiongea mpaka usingizi ukawachukua, na kumbe hakuwa amemwambia hata moja la maana.

"Ingia," alisema. "Kaa nyuma, karibu na Nalepo. Nikikuita, kaza mwendo usinicheleweshe."

* * *

Zawadi zikapita. Majirani wakaleta masufuria, wenzake Aikande wa shamba la maua wakaleta jokofu likibebwa na vijana wanne wanaocheza, shangazi akaleta mtamba kwa maneno kwa sababu mwenyewe yuko zizini. Vaileth aliita, akachekesha, akaita tena. Kila alipotazama nyuma, kitenge chekundu kilikuwa kimekaa wima. Nalepo pembeni yake ameduwaa kama aliyemwona maiti ametoka kaburini. Derick meza kuu ameinamisha kichwa.

Foleni ikaisha.

"Na wa mwisho," Vaileth alisema, "tuna mgeni mmoja kutoka Kwa Mrombo. DJ, wa taratibu tafadhali."

Hanna akainuka.

Hakucheza. Alitembea. Watu waliokuwa wamejiandaa kupiga makofi wakaacha mikono hewani. Alipokaribia meza kuu, Derick akanyanyuka nusu, kiti kikakwaruza sakafu. Aikande akaona, akamshika mkono wa koti.

Hanna akampita Derick. Akampita Aikande, akamwinamia kichwa kidogo kwa heshima kama anayempisha mtu mlangoni. Akaipita meza ya kamati. Vaileth akamfuata kwa nyuma, kipaza sauti amekizima kwa kidole gumba, moyo unapiga kuliko spika za DJ.

Hanna alisimama mbele ya meza ya wazazi. Akapiga magoti. Akafungua kanga, akalitoa lile blanketi, akalishika kwa mikono miwili mbele ya Mzee Emmanuel Nnko.

"Shikamoo, baba."

Neno hilo la "baba" hakulisema kama watu wanavyowaambia wazee wote. Vaileth, aliyesimama hatua mbili nyuma yake, alilisikia. Chuoni Hanna alikuwa akiulizwa habari za baba yake, anajibu neno moja: marehemu. Wakaacha kumuuliza. Sasa Vaileth akamtazama mzee, akamtazama Hanna. Paji la uso lile lile. Kidevu kile kile. Mungu wangu! Siku ile ya mashamba ya kahawa, kabla Hanna hajavua pete, aliyewapokea wageni si alikuwa mzee huyu?

Mzee Nnko hakuitika.

Mzee wa kanisa, mtu anayeitika shikamoo ya kila mtoto barabarani, alikuwa ametazama blanketi kama linaungua. Meza za nyuma zilianza kunong'ona. Wao waliona mgeni amepiga magoti, hawakusikia neno.

"Binti," mzee alisema hatimaye, na sauti haikuwa yake. "Nadhani umekosea meza."

Mabega ya Hanna yakashuka. Vaileth akapiga hatua amwinue.

Kabla hajamfikia, mtu mwingine aliinuka. Mama Aikande, mama mfupi mwenye kilemba cha rangi ya maziwa, ambaye tangu sherehe ianze hakuwa amesema neno zaidi ya "karibuni". Aliizunguka meza taratibu, akalipokea blanketi kutoka mikononi mwa Hanna, akalikunjua, akamfunika nalo mumewe mabegani mbele ya watu wote.

Kisha akamshika Hanna mkono.

"Marahaba, Hanna," alisema. "Inuka, mwanangu."

Hanna akainua uso, machozi yamegandia kwenye kope. Hakuna mtu ukumbini humo aliyekuwa amelitaja jina lake.

Mzee Nnko akageuka upesi mpaka blanketi likamtoka bega moja. "Unamjua?"

"Namjua kuliko unavyomjua wewe."

"Mama Aikande." Mzee alisema kwa meno yaliyofungwa, huku akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Kaa chini. Tutazungumza nyumbani."

"Nimekaa chini tangu Aikande hajazaliwa," mama alijibu.

Akamgeukia Vaileth, akanyoosha kiganja.

"MC. Hicho kipaza sauti."

Vaileth akatazama meza kuu. Aikande alikuwa amesimama, mkono mdomoni, na Derick hakuwa ameshikwa tena na mtu. Akamtazama Mzee Nnko, aliyekuwa akimtikisia kichwa, hapana, hapana, hapana. Akamtazama Hanna.

Akakiwasha, akampa mama.